KUNOA KISU CHA JIKONI

Mkulima wa Lulindi, na ninyi nyote mkaao kati ya Masasi na Newala, mmekwisha kuambiwa mengi juu ya jembe, juu ya panga la kupalilia mikorosho, na juu ya dawa za kunyunyizia miti. Kijarida hiki chataka kusema habari za chombo kidogo kisichotajwa mara nyingi, nacho ni kisu cha jikoni. Labda utacheka na kusema ya kuwa kisu ni jambo la wanawake, nacho hunolewa kizingitini. Basi neno hilo la kizingiti ndilo lililotufanya tuandike.

Tazama hali ilivyo katika nyumba nyingi. Mwanamume ana tupa yake, ameifunga katika kitambaa na kuichomeka darini, na panga lake hung'aa. Mkewe hana kitu. Atakapo kumenya muhogo hukisugua kisu mara tatu au nne juu ya jiwe la figa, au juu ya saruji ya mlangoni, kisha huendelea na kazi. Lakini panga hupumzika miezi kadha wa kadha katika mwaka, na kisu hakina siku ya kupumzika. Haifai chombo chenye kazi nyingi kupewa matunzo machache.

Neno letu kubwa ni hili. Kisu cha jikoni kinolewe nyumbani, kidogo kidogo, mara kwa mara, juu ya jiwe lililolowa maji. Mnoaji wa sokoni apelekewe kile tu kilichopata mapengo. Na mashine ya umeme izungukayo kwa kasi, bila maji, isikiguse kabisa. Visu vingi haviharibiki kwa sababu ya kazi, bali huharibiwa siku ile mtu anapotaka kuvitengeneza.

Hasara ya kisu butu

Katika nchi hii muhogo ni chakula cha kutegemewa, na mvua ikikosa ndio ulinzi wa nyumba. Katika kila kilo 100 za muhogo mbichi, maganda huwa kama kilo 10 hata 20, kwa kadiri ya aina na unene wa mizizi. Hayo hayaepukiki. Lakini kisu butu hakifuati ganda. Kwanza hukwaruza juu tu, na mmenyaji akizidi kukikandamiza huzama ghafula, kikaondoka na kipande cha nyama ya muhogo. Usiamini kwa sababu sisi twasema. Menya mizizi kumi kwa kisu kama kilivyo sasa, kisha kinoe, umenye mizizi kumi mingine iliyo sawa na ile ya kwanza, uyapime maganda ya mafungu yote mawili. Mizani yako mwenyewe itakuambia ni makopa mangapi unayowatupia mbuzi kila mwaka.

Tena, wale walimao muhogo mchungu wajua ya kuwa sumu yake ni nyingi zaidi katika ganda kuliko katika nyama. Ganda hilo lina tabaka mbili, ile ya nje nyembamba yenye rangi ya udongo, na ile ya ndani iliyo nene na nyeupe, nazo zote mbili zapasa kuondolewa kabla muhogo haujalowekwa au kuanikwa. Mmenyaji aliyechoka kwa kupigana na kisu butu huacha mabaka ya tabaka ya ndani. Hatumlaumu. Mtu aliyekaa tangu asubuhi mbele ya lundo la muhogo hawezi kuchunga kila baka ikiwa kila baka humgharimu nguvu.

Ajabu ya kisu butu ni kwamba hujeruhi mikono kuliko kisu kikali. Sababu yake ni nyepesi. Kisu kikali hukata pale ulipokiweka, wala hakidai nguvu, na kisu butu huteleza juu ya ganda, na nguvu yote uliyokuwa ukiitia huelekea kwenye kidole gumba cha mkono wa pili. Jeraha la kisu kikali hufumba upesi kwa kuwa kingo zake ni safi, bali jeraha la kisu butu lina kingo zilizochanika. Na likitokea wakati wa kuokota korosho, basi majira yote ni mateso, maana maji ya bibo huunguza kidonda. Kidonda chochote kioshwe kwa maji safi na sabuni, na aliye na jeraha la kina, hasa lililoingia udongo, aende zahanati aulize habari ya chanjo ya pepopunda.

Makali ni kitu gani

Mtu hawezi kunoa vema asipojua atafutalo. Makali ni mahali ambapo miteremko miwili ya chuma hukutana. Ikiwa miteremko hiyo hukutana katika mstari mwembamba usio na upana, kisu ni kikali. Ikiwa mstari huo umekuwa na upana, hata kama ni mdogo kuliko unywele, kisu ni butu. Kishike kisu chako juani, makali yakikutazama wewe. Makali mazuri hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Pale palipo butu utaona mstari mweupe unaong'aa, na penye pengo utaona nukta ya mwanga. Hiki ndicho kipimo tupendacho kuliko vyote, wala hakimdhuru mtu. Desturi ya kupitisha kidole gumba juu ya makali iachwe.

Ubutu una namna mbili, na watu wengi hawazitofautishi. Namna ya kwanza, makali yamelika. Namna ya pili, makali hayajalika, ila yamejikunja upande mmoja, kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Kisu kilichojikunja makali hakihitaji kupunguzwa chuma. Chahitaji kunyoshwa tu, na kazi hiyo huchukua muda wa kuhesabu hamsini. Kama unacho kikombe au sahani ya udongo mweupe uliochomwa, kigeuze juu chini, utaona pete isiyong'aa ambapo kikombe hukalia meza. Pete hiyo ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Pitisha kisu juu yake mara tano upande huu na mara tano upande huu, kwa wepesi, kama utakaye kuichonga ile pete. Ukifanya hivyo kila jioni, jiwe lenyewe utalihitaji mara moja tu katika majuma kadhaa.

Jiwe la kunolea

Walio karibu na milima ya Masasi wana mawe kila mahali, na walio juu ya uwanda wa Makonde wana mchanga kila mahali. Wote wawili hujiona wamepewa kinoo bure, nao wote wawili wamekosea kwa sehemu. Jiwe la milima ile ya Masasi lina chembe za namna nyingi zilizochanganyika, nyingine ngumu kama kioo, nyingine laini zinazochujuka. Jiwe la namna hiyo hukwaruza makali badala ya kuyanoa. Hufaa kwa jembe, basi. Jiwe lifaalo kwa kisu ni lile lenye chembe ndogo zilizo sawasawa, na jiwe la mchanga ulioshikamana huweza kuwa hivyo. Lilowanishe, ulipitishe ukucha juu yake. Ukisikia laini yenye kukwaruza kidogo kila mahali sawasawa, lichukue. Ukisikia vijiwe vinavyokwama, liache. Tena lisugue kwa kidole likiwa na maji. Likitoa matope mengi upesi, halidumu.

Aliye na fedha kidogo heri anunue kinoo cha dukani chenye nyuso mbili, mmoja wa chembe nene na mmoja wa chembe nyembamba. Vinoo vyeusi au vya kijivu vilivyo vingi madukani vimefanywa kwa unga mgumu uitwao kaborandamu. Mmarekani mmoja, Edward Acheson, aliupata mwaka 1891 alipokuwa akijaribu kutengeneza almasi katika tanuri ya umeme. Almasi hakuipata, lakini alipata kitu kilichomfaa kila mwenye kisu. Kinoo kimoja kikitunzwa hudumu miaka mingi, na nyumba nne au tano zaweza kukinunua kwa shirika.

Asiyeweza kununua kinoo na aende kwenye duka la vipuri vya magari au vyombo vya ujenzi, anunue karatasi mbili za msasa wa maji, ule mweusi, moja yenye namba 400 na moja yenye namba 1000, azigandishe juu ya ubao ulionyoka. Hicho ni kinoo kamili. (Msasa huo wa karatasi ulipewa jina la mti wetu wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi huyatumia kulainishia mti. Majani hayo hayanoi chuma, asije mtu akajaribu.)

Juu ya maji na mafuta kuna ubishi mwingi usio na faida. Kazi ya maji ni kuchukua unga wa chuma usizibe matundu ya jiwe, na maji hutosha. Wajapani, ambao visu vyao vya jikoni vyasifiwa duniani kote, hunoa kwa mawe na maji. Mafuta ya kupikia yaliyo mengi hukauka juu ya jiwe yakawa kama gundi, na jiwe hugeuka kuwa kama kigae. Jiwe lililokwisha kutiwa mafuta liendelee na mafuta, na lililoanza na maji lisitiwe mafuta kamwe. Mwenyeji wa uwanda asiseme ya kuwa maji ni ya shida. Wazee walioteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani walijua thamani yake kuliko sisi, nasi hatutaki uyamwage. Vijiko vitatu vyatosha kunoa kisu kimoja, nayo yaweza kuwa maji uliyokwisha kunawia mikono.

Jiwe likitumika huliwa katikati likawa kama mtumbwi, na hapo haliwezi tena kutoa makali yaliyonyoka. Nyunyiza mchanga na maji kidogo juu ya saruji iliyo sawa, ulisugue jiwe hapo kwa kuzungusha mpaka uso wake unyoke. Watu hutupa mawe mazuri kwa kutojua jambo hili dogo.

Kazi yenyewe

Weka jiwe juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, mahali palipo imara, kimo cha kiuno ukiweza. Jiwe lisishikwe mkononi. Kisha jambo la kuangalia kuliko yote ni mwinuko wa kisu, yaani umbali wa mgongo wa kisu kutoka juu ya jiwe. Chukua karatasi yenye pembe mraba, uikunje pembe hiyo katikati, kisha uikunje tena katikati. Pembe iliyobaki ni kama digrii 22, na mwinuko wa kisu cha jikoni uwe sawa nayo au chini yake kidogo, yaani digrii 15 hata 20. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4 maana yake ni kwamba mgongo uwe juu ya jiwe kwa sentimita moja na kidogo, kama unene wa kidole cha mwisho cha mwanamke. Panga litakalo kukata miti liinuliwe zaidi, digrii 25 hata 30, maana makali membamba yakipiga kisiki huvunjika.

Lakini kipimo kikishapatikana, shabaha si namba bali ni kutobadilika. Mwinuko wa digrii 18 uliotunzwa tangu mwanzo hata mwisho ni bora kuliko ule ulioanza digrii 15 na kumaliza digrii 30. Anayetikisa mkono huuviringisha ukingo, naye atanoa mchana kutwa asipate kitu. Ukitaka kujua kama mkono wako hautikisiki, paka mteremko wa kisu masizi ya sufuria, unoe mara tatu, utazame. Masizi yakitoka kwenye makali yenyewe, mwinuko ni sawa. Yakitoka juu tu na kubaki kwenye makali, umelaza kisu mno. Yakitoka kwenye makali pekee na kubaki sehemu nyingine yote, umekiinua mno.

Anza na uso wenye chembe nene. Shika mpini kwa mkono wa kuume, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikandamize bapa la kisu, mbali kidogo na makali. Sukuma kisu mbele kama utakaye kukata ganda jembamba la jiwe, ukianzia karibu na mpini na kumalizia kwenye ncha, ili urefu wote upite juu ya jiwe. Usiharakishe. Endelea upande huo mmoja mpaka, ukigusa upande wa pili kwa kidole, ukikitoa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali wala si kwa kufuata makali, usikie kitu kama uzi mwembamba uliosimama. Uzi huo ni chuma kilichosukumwa kikapita ukingo. Ndio ushahidi wa kuwa umefika. Mpaka uzi huo uonekane tangu mpini hata ncha, kazi ya upande huo haijaisha, hata ikiwa umesukuma mara mia.

Hapa ndipo tuonapo wanoaji wengi, hata wenye uzoefu, wakishindwa. Hunoa mara kumi huku na mara kumi huku kwa hesabu, kama waliofundishwa wimbo, bila kuutafuta uzi, kisha hushangaa kwa nini kisu hakikati. Hesabu haina maana. Kisu kimoja kitatoa uzi baada ya mara 15, na kingine chenye ubutu wa miaka miwili kitataka mara 200.

Uzi ukipatikana, geuza kisu, ufanye upande wa pili mpaka uzi uhamie upande wa kwanza. Sasa geuza jiwe, utumie uso wenye chembe nyembamba, ukisukuma mara moja moja kila upande, na kila mara upunguze nguvu ya mkono, hata mwishoni uzito wa kisu peke yake ndio ukandamizao. Kazi hiyo huuondoa uzi. Mabaki yake yatolewe kwa ngozi. Tandaza mkanda wa ngozi juu ya ubao, uvute kisu juu yake kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, mara kumi kila upande. Ukitanguliza makali utaukata mkanda. Anayesahau kuuondoa uzi atafurahi siku ya kwanza, maana uzi wenyewe hukata, lakini siku ya pili utakuwa umejikunja na kisu kimerudi ubutu wake, naye atasema kinoo hiki ni kibaya.

Mwisho osha kisu, ukikaushe, ukijaribu kwa nyanya iliyoiva. Kisu kizuri huingia kwa kuvutwa tu, bila kukandamizwa.

Mnoaji, mhunzi na mashine

Katika miji na minada yetu utamwona mnoaji aliyeinua gurudumu la nyuma la baiskeli yake na kuliunganisha kwa mkanda na jiwe la kuzunguka. Akikanyaga, jiwe huzunguka. Twamsifu fundi huyu kuliko yule mwenye mashine ya umeme, kwa kuwa miguu ya mtu haina kasi ya kuunguza chuma upesi. Mpelekee kisu chenye mapengo au kilichovunjika ncha, maana kuyaondoa hayo kwa kinoo cha mkono ni kazi ya nusu siku. Mwambie unavyotaka: mapengo yaondolewe, miteremko iwe sawa pande zote mbili, na achovye kisu majini kila mara. Simama umtazame. Fundi mwema hachukizwi na mteja atazamaye. Ukifika nyumbani kimalizie mwenyewe juu ya uso mwembamba wa kinoo, kwani jiwe la kuzunguka huacha uzi mkubwa.

Mashine ya umeme ya mafundi wa kuchomelea ni jambo jingine. Imefanywa kwa ajili ya nondo na mabati. Ugumu wa kisu hutokana na moto na kuzimishwa: mtengenezaji alikitia moto, akakizimisha ghafula, kisha akakirudishia joto kidogo kwa kipimo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Joto likizidi kile kipimo, ugumu hupotea, nao haurudi mpaka kisu kitiwe moto upya na mhunzi. Ukingo wa kisu ni mwembamba mno, huweza kupata joto hilo kwa muda wa kupepesa macho. Chuma kikigeuka manjano kama nyasi kavu, joto limekwisha pita digrii 200. Kikigeuka buluu limekaribia digrii 300, na sehemu hiyo imekufa. Utakinoa leo, nacho kitakuwa butu kesho. Mtu akirudishiwa kisu chenye doa la buluu kwenye makali amelipa ili aharibiwe mali yake. Dawa iliyobaki ni kukinoa polepole kwa mkono mpaka ile sehemu ya buluu iishe yote.

Vile vidude vya plastiki vinavyouzwa madukani, ambavyo kisu hupitishwa katikati ya vyuma viwili, havinoi bali hukwangua. Vyafaa kwa mwenye haraka asiyejali kisu chake kitadumu miaka mingapi.

Visu vya wahunzi wetu twavisifu. Vingi hufuliwa kwa springi za magari makuukuu, chuma ambacho kilifanywa kwa kuvumilia uzito, nacho hupokea makali vema na kuyashika. Aibu yake ni kutu. Kisu cha namna hiyo kikikata mabibo ya kuanika kochoko, au embe, au ndimu, hugeuka rangi mara moja, na kikiachwa na maji ya matunda usiku kucha, kutu hula makali yenyewe kwanza, kwa kuwa ndiyo membamba. Kioshwe na kukaushwa mara kazi iishapo, na kama kitawekwa siku nyingi kipakwe mafuta.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho visu vingi vya dukani vimefanywa kwacho, kilianza kutengenezwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 na Harry Brearley. Ndani yake imo kromiamu, ambayo huikinga ile chuma. Visu hivyo hunoleka kwa taratibu ile ile, ila hutaka uvumilivu zaidi, na uzi wake ni mgumu kuuondoa. Wengi husema havinoleki. Si kweli.

Habari ya tupa ni fupi. Tupa ni ya panga, shoka na jembe. Ukitaka kujua kama kisu fulani chaweza kupigwa tupa, iguse tupa kwenye makali karibu na mpini. Ikiuma, chuma ni laini na waweza kuitumia kuondoa pengo. Ikiteleza kwa mlio kama juu ya kioo, iondoe, la sivyo utaua meno ya tupa yako. Na tupa hukata ikisukumwa tu. Kuikokota kurudi nyuma huyafanya meno yake butu.

Mpini, na mikono isiyosikia

Lulindi ni jina linalojulikana katika habari za matibabu ya nchi hii. Daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935, akafanya kazi ya upasuaji hapo hata mwaka 1949, katika hospitali iliyoanza kwa majengo ya miti, udongo na nyasi, kisha akahamia Mnero. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu mwaka 1975 hata 1980. Hapo Lulindi palikuwa pia na makazi ya wagonjwa wa ukoma, na kwa sababu hiyo twaona inafaa kusema neno ambalo vijarida juu ya visu hulisahau.

Ukoma huharibu mishipa ya fahamu. Dawa zilizopangwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1981 huua vijidudu vya ugonjwa, nazo hutolewa bure, lakini hisia iliyokwisha kupotea mkononi mara nyingi hairudi. Mtu aliyepona kabisa, asiyeweza kumwambukiza mtu yeyote, huenda akamenya muhogo asijue ya kuwa amejikata mpaka aone damu. Mtu mwenye kisukari cha siku nyingi pia huweza kupotewa na hisia za mikono na miguu. Asisikiaye hushika kwa nguvu kupita kiasi, na mpini mwembamba wenye pembe kali humtoboa kiganja kabla makali hayajamgusa.

Kama nyumbani mwako yuko mtu wa namna hiyo, usimwondolee kazi yake, bali mtengenezee kisu chake. Kisu hicho ndicho kinolewe kwanza, kabla ya vingine vyote, kwa sababu kisu kikali hakidai nguvu. Mpini uwe mnene, ujaze kiganja, usiwe na pembe wala kichwa cha msumari kilichojitokeza. Mninga hufaa sana, nao huchongeka kwa urahisi. Mpini uliopo waweza kuzungushiwa kitambaa au mpira wa baiskeli mpaka unene utoshe. Kati ya mpini na chuma pawekwe kizuizi kidogo, hata kama ni fundo la kamba lililokazwa, ili mkono usiteleze kwenda kwenye makali. Amenye akitazama, mahali penye mwanga, na kila jioni achunguze mikono yake, kiganja na vidole, au mtoto amchunguzie. Achukuaye sufuria motoni kwa mikono ya namna hiyo atumie kitambaa kinene, lakini hilo ni la kijarida kingine.

Kunoa si kusafisha. Kisu kilichochinjia kuku au mbuzi kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla hakijakata mboga, na wembe au kisu kilichogusa damu ya mtu kisimguse mtu mwingine, hata kikiwa kimenolewa sasa hivi. Mchinjaji Mwislamu ajua ya kuwa sheria yake humtaka anoe kisu vema kabla ya kuchinja, wala asikinoe mbele ya mnyama. Asiye Mwislamu naye hatapoteza kitu akifanya vivyo hivyo.

Kata juu ya ubao, siyo juu ya sahani wala bati wala jiwe. Kisu kisitumike kufungulia makopo wala kuchokolea kuni. Kisitupwe ndani ya beseni pamoja na vijiko, ambapo makali hugongana na mkono wa aoshaye huingia bila kuona. Chonga ala ya mti, au kunja kipande cha boksi gumu na kukifunga uzi, ukitie kisu humo, ukichomeke darini palipo juu ya kimo cha watoto, kando ya ile tupa.